Upimaji wa Joto Linalochukuliwa na Hewa kwenye Mapaa ya Majengo: Kizigeu cha Myuko na Paa la Bati katika Pwani ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kizigeu cha myuko, yaani namba inayoonyesha kiasi cha joto ambacho hewa huchukua kutoka juu ya paa, kinavyopatikana kwa vipimo. Hoja kuu ni kwamba kizigeu hicho hakipimwi na chombo chochote moja kwa moja. Hukokotolewa kama salio baada ya kupima mambo mengine yote yanayohusu nishati ya paa, na kwa sababu hiyo hubeba makosa ya mambo hayo yote. Makala yanafuatilia asili ya milinganyo inayotumika sana, yanalinganisha mbinu tatu za upimaji, kisha yanaonyesha faida na vikwazo vya paa la bati katika mazingira ya Dar es Salaam. Inapendekezwa kuwa kizigeu chochote kitakachotumika kukadiria joto la nyumba za pwani kiambatane na maelezo ya eneo, upepo na jotoridi zilizotumika kukipata, pamoja na wigo wa kosa lake.

1.0 Utangulizi

Bati ndilo ezeko la nyumba nyingi za mijini nchini Tanzania, na katika ukanda wa pwani ndilo linalolaumiwa zaidi kwa joto la ndani ya nyumba wakati wa mchana. Jua la saa sita linapolipiga, bati hupata moto haraka kuliko sehemu nyingine yoyote ya jengo. Joto hilo huondoka kwa njia tatu. Sehemu ya kwanza hurudi angani kwa mnururisho wa mawimbi marefu. Sehemu ya pili huchukuliwa na hewa inayopita juu ya bati. Sehemu ya tatu hushuka ndani, ikakutana na dari kama ipo, au ikawafikia wakazi moja kwa moja kama haipo.

Njia ya pili ndiyo inayoitwa myuko. Myuko una sura mbili. Upepo unapoisukuma hewa juu ya paa, huo ni myuko wa kusukumwa. Hewa iliyogusa bati la moto inapopanda yenyewe kwa sababu imekuwa nyepesi, huo ni myuko huria. Juu ya paa halisi sura hizo mbili hutokea kwa pamoja, na ni nadra kuzitenganisha kikamilifu.

Kizigeu cha myuko, ambacho katika makala haya kinawakilishwa na herufi h, ni uwiano kati ya joto linalochukuliwa na hewa kwa kila mita ya mraba na tofauti ya jotoridi kati ya uso wa paa na hewa. Kizio chake ni wati kwa mita ya mraba kwa kelvini. Kikiwa 10, maana yake ni kwamba kila mita ya mraba ya paa hupoteza wati 10 kwa kila nyuzi moja ambayo paa limeizidi hewa.

Umuhimu wa namba hii hauishii maabara. Programu za kompyuta zinazokadiria joto la ndani ya majengo huhitaji thamani ya h, na mtumiaji asipoipima huichukua kutoka kwenye orodha ya milinganyo iliyomo ndani ya programu. Thamani ikiwa kubwa kuliko hali halisi, paa huonekana kwenye hesabu kana kwamba linapozwa vizuri na upepo, na nyumba isiyo na dari huonekana ya wastani ilhali wakazi wake hawawezi kukaa ndani mchana. Thamani ikiwa ndogo mno, gharama ya dari, kihami joto au rangi nyeupe huweza kutetewa kwa faida isiyokuwapo. Ushauri anaopewa mjenzi mwenye kipato kidogo hutegemea, pamoja na mambo mengine, namba ambayo mara nyingi haijulikani imetoka wapi.

2.0 Asili ya Milinganyo Inayotumika

Mlinganyo unaonukuliwa zaidi katika fani hii ni ule unaohusishwa na kitabu cha McAdams kuhusu usafirishaji wa joto, toleo la tatu la mwaka 1954. Kwa upepo usiozidi mita 5 kwa sekunde, mlinganyo huo unasema kuwa h ni sawa na 5.7 kujumlisha 3.8 mara kasi ya upepo. Data zilizouzaa ni za zamani zaidi. Zilichapishwa na Jürges nchini Ujerumani mwaka 1924, baada ya majaribio ya maabara yaliyotumia bamba la shaba la mraba lenye upande wa mita 0.5, lililopashwa joto na kupulizwa hewa sambamba na uso wake.

Mwaka 1977, Watmuff, Charters na Proctor walihoji mlinganyo huo. Walieleza kuwa huenda namba za awali zilijumuisha sehemu ya mnururisho na ya myuko huria, na hivyo hazikuwakilisha upepo peke yake. Walipendekeza 2.8 kujumlisha 3.0 mara kasi ya upepo. Kwa upande wake, kiwango cha kimataifa cha ISO 6946, kinachotumika kukokotoa ukinzani wa joto wa sehemu za majengo, kinatumia 4 kujumlisha 4 mara kasi ya upepo kwa nyuso za nje.

Kwa upepo wa mita 2 kwa sekunde, milinganyo hiyo mitatu inatoa 13.3, 8.8 na 12.0 kwa mfuatano huo. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni zaidi ya theluthi moja ya ile kubwa. Mfano wa hesabu ufuatao, ambao si matokeo ya upimaji, unaonyesha uzito wa tofauti hiyo.

Chukulia paa la bati lililopakwa rangi, linalofyonza asilimia 70 ya mionzi ya jua na lenye uwiano wa utoaji wa mnururisho wa 0.9. Mionzi ya jua ni wati 900 kwa mita ya mraba, hewa ya nje ina nyuzi 31 za Selsiasi, na anga linanururisha kama uso wenye nyuzi 18. Nafasi iliyo chini ya bati ina nyuzi 36, na upande wa chini wa bati unapoteza wati 6 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Kwa h ya 13.3, urari wa nishati unalipa bati jotoridi la nyuzi 54 hivi, na joto linaloshuka ndani ni wati 107 kwa mita ya mraba. Kwa h ya 8.8, bati linafikia karibu nyuzi 59, na joto linaloshuka ni wati 136. Hali ya hewa ni ile ile na bati ni lile lile, lakini mzigo wa joto wa ndani umeongezeka kwa zaidi ya robo kwa sababu tu ya kubadilisha mlinganyo.

Athari hiyo hugusa pia tathmini ya marekebisho. Paa hilo hilo likipakwa rangi nyeupe hadi ufyonzaji ushuke kufikia asilimia 30, joto linaloshuka hupungua kwa wati 83 kwa mita ya mraba chini ya mlinganyo wa kwanza, na kwa wati 100 chini ya mlinganyo wa pili. Mfano huu umerahisishwa kwa kuiacha nafasi ya chini ya paa katika jotoridi moja. Hata hivyo, unatosha kuonyesha kuwa mtafiti anayeshauri kuhusu rangi ya paa anatoa pia, pengine bila kukusudia, msimamo kuhusu thamani ya h.

3.0 Kwa Nini Bamba la Maabara Haliwakilishi Paa

3.1 Ukubwa wa uso

Hewa inapoanza kupita juu ya uso wa moto, hujenga tabaka jembamba linaloitwa tabaka la mpaka. Tabaka hilo hunenepa kadiri hewa inavyosonga mbele, na unene wake ndio unaoukinga uso usipozwe. Ndiyo maana ukingo unaokabili upepo hupoa zaidi kuliko katikati ya paa. Kwa nadharia ya bamba bapa lenye mtiririko wa msukosuko, wastani wa h hupungua kwa kipeo cha moja ya tano ya urefu. Bamba la mita 0.5 likilinganishwa na paa la mita 6 katika upepo ule ule, nadharia hiyo inalipa bamba dogo kizigeu kikubwa kwa mara 1.6 hivi.

Paa halisi halitii nadharia hiyo kwa ukamilifu. Upepo hujitenga na paa kwenye ukingo na kwenye kipaa, huzunguka, kisha hurejea kugusa uso mbele zaidi. Clear, Gartland na Winkelmann, katika utafiti wao wa mwaka 2003 uliotumia vipimo vya mapaa ya mlalo ya majengo mawili ya biashara kaskazini mwa California, walijenga mlinganyo unaohusisha urefu wa paa pamoja na myuko huria na ule wa kusukumwa. Mchango wao mkubwa kwa suala linalojadiliwa hapa ni kukiri kwamba paa kubwa na bamba dogo havipaswi kupewa namba moja.

3.2 Upepo upi?

Kila mlinganyo una kasi ya upepo ndani yake, lakini si kila mlinganyo unasema upepo huo ulipimwa wapi. Katika maabara, kasi ni ile ya hewa inayofika kwenye bamba. Katika kituo cha hali ya hewa, kasi hupimwa katika kimo cha mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi, kama ulivyo utaratibu wa kimataifa. Mtafiti anayechukua takwimu za upepo za uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na kuziingiza katika mlinganyo wa maabara kwa ajili ya nyumba ya Manzese au Tandale anaunganisha vitu viwili visivyokutana. Katika mitaa hiyo nyumba zimebanana, mapaa yanakaribiana kwa kimo, na sehemu kubwa ya upepo hupita juu bila kushuka kati ya nyumba.

Uelekeo nao una nafasi yake. Vipimo vya Sharples na Charlesworth, vilivyochapishwa mwaka 1998 na kufanyika juu ya bamba lililowekwa kwenye paa halisi nchini Uingereza, vilionyesha kuwa uhusiano kati ya h na kasi ya upepo hubadilika kulingana na upande ambao upepo unatokea. Katika pwani ya Afrika Mashariki jambo hili lina sura ya msimu. Paa lenye mteremko unaokabili kusini mashariki hupigwa na kusi kwa miezi kadhaa ya mwaka, kisha huwa upande uliokingwa wakati wa kaskazi. Upimaji wa wiki mbili katika msimu mmoja hauwezi kuwakilisha mwaka mzima.

3.3 Upepo unapotulia

Upepo ukikaribia kukoma, milinganyo ya mstari mnyoofu hubaki na namba isiyobadilika: 5.7 katika mmoja, 2.8 katika mwingine. Kwa hakika hali hiyo hutawaliwa na myuko huria, ambao hutegemea tofauti ya jotoridi na mteremko wa paa. Kwa bamba la mlalo lililozidi hewa kwa nyuzi 24 na linalotoa joto upande wa juu, milinganyo ya kawaida ya myuko huria inatoa h ya 4 hivi. Saa za utulivu wa upepo, hasa kabla upepo wa baharini haujaanza kuvuma, ndizo ambazo joto la ndani huwaelemea wakazi. Ni jambo la kusikitisha kitaalamu kwamba hali inayohitaji zaidi kizigeu sahihi ndiyo ambayo milinganyo mingi inaieleza kwa udhaifu.

4.0 Mbinu za Upimaji

4.1 Urari wa nishati

Mbinu ya kwanza hulitumia paa lenyewe bila kulibadilisha. Mtafiti hupima mionzi ya jua inayofyonzwa, mnururisho wa mawimbi marefu unaoingia na kutoka, na joto linaloshuka ndani. Kinachobaki baada ya kutoa na kujumlisha huchukuliwa kuwa ndicho kilichoondoka kwa myuko. Salio hilo likigawanywa kwa tofauti ya jotoridi kati ya paa na hewa, h hupatikana.

Nguvu ya mbinu hii ni kwamba inahusu paa halisi katika upepo halisi. Udhaifu wake umo katika neno salio. Katika mfano wa sehemu ya 2.0, paa lenye h ya 8.8 hupoteza kwa myuko wati 243 hivi kwa mita ya mraba, ilhali mionzi inayofyonzwa ni wati 630. Kosa la 0.05 katika uwiano wa ufyonzaji huzaa kosa la wati 45, na kosa hilo lote huangukia kwenye salio. Kwa hiyo h hupotoka kwa zaidi ya asilimia 18, hata kama vyombo vingine vyote vimesoma sawasawa. Uwiano wa ufyonzaji haupaswi kuchukuliwa kutoka kwenye jedwali la kitabu, kwa kuwa vumbi, kutu na moshi wa jikoni huubadilisha. Unapaswa kupimwa juu ya paa lenyewe, kwa vipima-mionzi viwili ambavyo kimoja kinatazama juu na kingine kinatazama chini, na kupimwa tena baada ya mvua.

Tofauti ya jotoridi nayo ina hatari yake. Paa likiizidi hewa kwa nyuzi 25, kosa la nusu nyuzi ni asilimia 2 tu. Jua linapokaribia kuzama na tofauti kushuka hadi nyuzi 2, kosa lile lile huwa asilimia 25. Kwa sababu hiyo, data za saa za mpito, asubuhi mapema na jioni, huondolewa kwa kigezo kilichotangazwa kabla ya uchambuzi. Mtafiti anayeziondoa baada ya kuona namba zisizompendeza huharibu ushahidi wake mwenyewe.

4.2 Mabamba mawili

Mbinu ya pili hukusudia kuifuta mionzi ya jua kwenye hesabu. Vipande viwili vya bati vya aina moja, vyenye rangi moja na vilivyozibwa kihami joto upande wa chini, huwekwa kando kwa kando juu ya paa. Kimoja hupashwa joto kwa umeme unaojulikana kiasi chake, kingine huachwa. Vyote viwili vinaona jua lile lile na anga lile lile, kwa hiyo mtafiti akitoa urari wa kimoja kutoka kwa mwingine, jua na anga hutoweka. Hubaki umeme, tofauti ya mnururisho wa vipande vyenyewe, na myuko.

Umeme ukiwa wati 200 kwa mita ya mraba na h ikiwa 8.8, kipande kilichopashwa kitakizidi mwenzake kwa nyuzi 12 au 13. Katika hali hiyo kosa la 0.05 katika uwiano wa utoaji huipotosha h kwa chini ya asilimia 5. Likilinganishwa na asilimia 18 za mbinu ya kwanza, punguzo hilo ni kubwa.

Bei yake ni kwamba tabaka la hewa ya moto juu ya kipande kilichopashwa huanza kwenye ukingo wa kipande hicho, si kwenye ukingo wa paa. Hewa inayokifikia haijaandaliwa na paa lenye joto la kiwango hicho, na h inayopatikana huelekea kuwa kubwa kuliko ile ya paa zima. Kasoro hii hupunguzwa kwa kuzungushia kipande fremu iliyopashwa hadi jotoridi lile lile, huku upimaji ukifanywa katikati tu. Fremu hiyo pia huzuia joto kupita pembeni kwa mpitisho.

4.3 Nafthalini

Mbinu ya tatu haipimi joto. Bamba hupakwa nafthalini, kemikali ile iliyomo katika vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo, kisha hupimwa uzito kabla na baada ya kuachwa katika upepo. Nafthalini hugeuka gesi bila kuyeyuka, na kasi ya kupotea kwake hufuata kanuni zinazofanana na zile za myuko. Ulinganifu uliowekwa na Chilton na Colburn mwaka 1934 humwezesha mtafiti kubadilisha upotevu wa uzito kuwa kizigeu cha joto.

Mnururisho hauingii moja kwa moja katika hesabu hii, na hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo, kani ya mvuke ya nafthalini hubadilika kwa karibu asilimia 10 kwa kila nyuzi moja ya jotoridi. Juani, bamba ambalo jotoridi lake halijulikani kwa usahihi wa nusu nyuzi tayari limebeba kosa la asilimia 5. Mbinu hii hufaa zaidi usiku, kivulini au katika handaki la upepo la maabara, na haionyeshi mchango wa myuko huria wa paa la moto. Inafaa kuonyesha namna h inavyotofautiana kati ya ukingo na katikati ya paa, kuliko kutoa thamani ya paa la mchana.

5.0 Paa la Bati kama Kitu cha Kupimwa

5.1 Wembamba wake

Bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 hivi. Wembamba huo, ambao wakazi huulaumu, ni msaada kwa mpimaji. Kwanza, tofauti ya jotoridi kati ya uso wa juu na wa chini wa bati ni chini ya moja ya elfu ya nyuzi, hata wati 136 zinapopita katika kila mita ya mraba. Waya za themokapo zinaweza kubandikwa upande wa chini, ambako hazipigwi na jua wala kuuvuruga upepo, na bado zikasoma jotoridi la uso wa juu.

Pili, bati halihifadhi joto. Kila mita ya mraba huhitaji kilojuli 1.2 hivi ili kupanda nyuzi moja, ilhali zege la sentimita 15 huhitaji karibu kilojuli 300. Bati huitikia mabadiliko ya jua kwa muda wa chini ya dakika moja. Wastani wa dakika 10 unatosha kulifanya joto linalohifadhiwa kuwa dogo la kupuuzwa, jambo lisilowezekana kwa paa la zege. Kwa hiyo paa la bati, ambalo halijapewa nafasi kubwa katika fasihi ya upimaji huu, ni mahali pazuri kuliko mengi pa kuitumia mbinu ya urari wa nishati.

5.2 Mawimbi yake

Bati lina migongo na mabonde. Kwa bati lenye wimbi la milimita 76 na kina cha milimita 18, hesabu ya jiometri inaonyesha kuwa eneo halisi la uso linazidi eneo linaloonekana kutoka juu kwa asilimia 12 hivi. Jua hupokelewa kwa eneo linaloonekana, ilhali hewa hugusa eneo halisi. Watafiti wawili wanaweza kupima paa moja kwa usahihi ule ule na kuandika namba zinazotofautiana kwa asilimia 12, kwa sababu tu kila mmoja amegawanya kwa eneo lake. Bati la msauzi, lenye migongo ya pembe, lina uwiano wake tofauti. Tasnifu isiyotaja eneo lililotumika haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Mawimbi hayo pia huufanya uelekeo wa upepo kuwa muhimu zaidi. Upepo unaofuata mabonde hupita kwa urahisi. Unaoyakata huacha hewa iliyotuama ndani yake.

5.3 Mng'ao wake

Bati jipya lisilopakwa rangi hung'aa, na uwiano wake wa utoaji ni mdogo. Kamera ya mionzi ya joto ikielekezwa kwenye bati la namna hiyo husoma kwa kiasi kikubwa taswira ya anga lililoakisiwa, na huonyesha paa la moto kana kwamba limepoa. Picha hizo huvutia katika kurasa za tasnifu, lakini bila kulinganishwa na themokapo zilizobandikwa hazithibitishi jambo lolote kuhusu bati jipya.

5.4 Umande

Usiku bati hupoa kuliko hewa kwa kunururisha angani, na katika unyevu wa pwani umande hutanda juu yake. Mvuke unapogeuka maji huachia joto. Umande wa gramu 20 kwa mita ya mraba kwa saa huachia wati 14 hivi. Paa likiwa limepungukiwa na hewa kwa nyuzi 2, na h ikiwa 8, joto ambalo hewa hulipa paa kwa myuko ni wati 16. Umande na myuko vinalingana kwa ukubwa. Mtafiti asiyehesabu umande ataupa myuko sifa isiyo yake, na h ya usiku itaonekana karibu mara mbili ya ilivyo. Mbinu ya usiku inayosifiwa katika nchi kavu kwa kuwa haina jua la kusumbua haiwezi kuhamishiwa pwani bila kihisi cha unyevu juu ya bati na bila kuyatupa masaa ya umande. Asubuhi nayo umande hukauka na kuchukua joto hilo tena, hivyo vipimo vya kuaminika huanza bati likishakauka.

6.0 Mambo ya Kuandikwa katika Taarifa ya Upimaji

Kutokana na mjadala huu, thamani ya h haina maana inaposimama peke yake. Taarifa inayoweza kukaguliwa na mtahini na kutumiwa na mtafiti mwingine inahitaji kueleza mambo yafuatayo: mahali na kimo ambapo upepo ulipimwa, pamoja na uelekeo wake ukilinganishwa na mteremko na mabonde ya bati, mahali pa kipimajoto cha hewa na namna kilivyokingwa na jua, eneo lililotumika kugawanya, urefu wa paa na umbali wa sehemu iliyopimwa kutoka ukingoni, namna uwiano wa ufyonzaji na wa utoaji ulivyopatikana, kigezo cha kuondoa data, na wigo wa kosa uliokokotolewa kwa kufuata kila kipimo hadi kwenye salio.

Suala la kipimajoto cha hewa linastahili neno la ziada. Katika mitaa iliyobanana, hewa inayofika kwenye paa moja imekwisha kupita juu ya mapaa mengine ya moto. Jotoridi lake si lile la kituo cha hali ya hewa. Kipimajoto kikiwekwa karibu mno na bati husoma tabaka la mpaka. Kikiwekwa mbali mno husoma hewa isiyolihusu paa. Kimo chochote kitakachochaguliwa kitabadilisha h, na kwa hiyo ni sehemu ya fasili ya h hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kizigeu cha myuko cha paa ni salio la hesabu ndefu, na kuwa ubora wake hautegemei ubora wa chombo kimoja bali wa urari mzima. Milinganyo iliyozaliwa kwenye bamba la shaba la nusu mita haikukosea kuhusu bamba hilo. Tatizo limetokea pale ilipohamishiwa juu ya mapaa marefu, yenye mawimbi, katika mitaa iliyobanana na hewa yenye unyevu, bila kuhojiwa.

Kwa paa la bati la pwani, mkabala unaofaa ni kuunganisha mbinu mbili: urari wa nishati wa mchana kwa ajili ya paa zima, na mabamba mawili kwa ajili ya kuukagua, kwa kuwa makosa ya mbinu hizo hayatokani na chanzo kimoja. Zikikubaliana ndani ya wigo wa makosa yake, namba inayopatikana inaweza kuaminiwa. Zisipokubaliana, tofauti yenyewe ni matokeo yanayostahili kuandikwa. Upimaji ufanyike walau katika msimu wa kusi na wa kaskazi. Hadi hapo utakapofanyika, makadirio ya joto la nyumba za bati yanapaswa kutolewa kwa thamani mbili za h, ya juu na ya chini, ili anayeshauriwa kuweka dari au kupaka rangi aone ni sehemu gani ya faida anayoahidiwa inatokana na paa lake, na ni sehemu gani inatokana na mlinganyo uliochaguliwa.